Kivinjari Salama kwenye Kompyuta ya Nyumbani: Uchaguzi na Utatuzi wa Hitilafu kwa Mtumiaji wa Nyangoto

Kivinjari ni programu inayoleta tovuti kwenye kompyuta na kuzionyesha kwenye skrini. Kazi hiyo huonekana ndogo, lakini imebeba hatari ambayo programu nyingi za nyumbani hazina. Kila ukurasa unaofunguliwa huja na maelekezo yaliyoandikwa na mtu wa mbali, na kivinjari huyatekeleza papo hapo ndani ya kompyuta ile ile inayotunza picha za familia, nakala za vyeti na manenosiri. Kivinjari kilicho salama ni kile kinachoweza kuendesha kazi za wageni wa kila namna bila kuwaachia mali ya mwenye kompyuta.

Huko Nyangoto, kijiji cha Tanzania kilicho katika eneo la Nyamongo linalozunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, na vijiji vya ng'ambo ya Mto Mara upande wa Wilaya ya Serengeti, intaneti kwa watu wengi ni simu ya mkononi. Kompyuta hutafutwa pale simu inaposhindwa. Mhitimu wa kidato cha sita anayejaza maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu lazima apakie nyaraka zilizoskaniwa. Mwombaji wa kazi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira huandika taarifa zake zote na kuambatisha vyeti. Mzabuni mdogo anayetaka kazi za halmashauri hupitia NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023, naye mfanyabiashara huwasilisha ritani zake kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania kwa njia ya mtandao. Kazi zote hizi hufanyika ndani ya kivinjari, na zote hubeba namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), namba ya mlipakodi, barua pepe na nenosiri. Asiye na kompyuta huenda steshenari, na mara nyingi mhudumu ndiye anayemfungulia barua pepe na kubaki na nenosiri lake. Kompyuta ya nyumbani humwondolea mtu udhaifu huo, ilimradi kivinjari kilichomo kinastahili kuaminiwa.

Hatari zinazomkabili mtumiaji ni za aina tatu, na zinafaa kutenganishwa kwa sababu dawa zake hazifanani. Ya kwanza ni mwanya ndani ya kivinjari chenyewe: kosa la kiufundi linaloruhusu ukurasa kuvuka mipaka na kuiingilia kompyuta hata kama mtumiaji hakubonyeza kitu chochote cha ajabu. Ya pili ni udanganyifu, ambapo programu haina kosa na anayeshawishiwa ni mtu. Ya tatu ni ya ndani ya nyumba: kompyuta moja hutumiwa na baba, mama, watoto na jirani aliyekuja kuchapa barua, na kila mmoja anaweza kuyaona ya mwenzake. Kampuni za vivinjari zimeifanyia kazi kubwa hatari ya kwanza. Ya pili na ya tatu hubaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wenye kompyuta.

Kinga dhidi ya mianya imejengwa juu ya kutenganisha. Ukurasa huendeshwa katika eneo lake, umenyimwa ruhusa ya kusoma mafaili au kuandika kwenye diski, na kila unachokihitaji lazima ukiombe kwa sehemu kuu ya kivinjari. Chrome, iliyotoka Septemba 2008, ndiyo iliyoufanya mpangilio huo kuwa jambo la kawaida. Mwaka 2018 ulipotangazwa udhaifu wa vichakata uitwao Spectre, Chrome ilikwenda mbali zaidi na kuanza kuitenga kila tovuti na nyingine kabisa. Firefox ilifika hatua hiyo mwaka 2021. Utenganisho huu unakula kumbukumbu, maana kila tovuti hupewa nafasi yake. Hapo ndipo ilipo sababu mojawapo ya kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 2 au 4 kulemewa na tovuti chache tu, na hapo pia ndipo linapozaliwa kosa la kawaida: mtu hutafuta toleo la zamani kwa kuwa ni jepesi, asijue kwamba wepesi huo umetokana na kukosekana kwa kinga.

Hata hivyo utenganisho hautoshi, kwa kuwa mianya mipya hugunduliwa kila mara. Chrome ilianza kutoa toleo jipya kila baada ya wiki nne mwaka 2021, na tangu Agosti 2023 marekebisho yake ya usalama hutolewa kila wiki. Firefox nayo ilihamia mzunguko wa wiki nne mwaka 2020. Mwanya ukishazibwa, marekebisho yenyewe huwa ushahidi wa mahali ulipokuwa. Wahalifu huyachunguza, kisha huwatafuta ambao hawajasasisha. Ndiyo maana kivinjari kilichokuwa salama mwaka jana kinaweza kuwa dhaifu leo ingawa hakuna aliyekigusa, na ndiyo maana swali la chapa ipi ni bora, ambalo hupewa uzito wote katika mazungumzo ya watu, linapaswa kuja baada ya swali la kama kivinjari hicho bado kinapokea marekebisho kwenye kompyuta iliyopo.

Jibu la swali hilo hutegemea zaidi umri wa mfumo endeshi kuliko kivinjari. Kompyuta nyingi za nyumbani zimenunuliwa zikiwa zimetumika, na fundi amepiga Windows aliyokuwa nayo kwenye flashi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Toleo la mwisho la Chrome kwa Windows 7 na 8.1 ni la 109, la Januari 2023. Edge nayo iliishia namba hiyo hiyo. Mozilla ilikuwa na subira zaidi: toleo la 115 la Firefox, lile la muda mrefu lililoanza Julai 2023, liliongezewa muda wa marekebisho mara kadhaa kwa ajili ya mifumo hiyo ya zamani. Kwa hiyo kompyuta yenye Windows 7 isiyoweza kubadilishwa leo ina chaguo moja tu linaloeleweka, nalo ni Firefox hiyo iwapo bado inapokea marekebisho, tena kwa kuvukia. Mfumo wenyewe chini yake hauna anayeuziba, na maombi ya mkopo au ritani ya kodi hayafai kupitishiwa hapo.

Windows 10 iko kwenye njia hiyo hiyo. Huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Microsoft iliweka mpango wa kuongeza mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha. Microsoft pia imeahidi kwamba Edge itaendelea kusasishwa kwenye Windows 10 angalau hadi Oktoba 2028. Hali hii inaweza kumpotosha mtumiaji: kivinjari kitaendelea kujitangaza kuwa kipya huku mfumo uliokibeba ukizeeka. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, RAM ya gigabaiti 4 na, kwa upande wa Intel, kichakata cha kizazi cha 8 au baada yake. Kompyuta nyingi za mtumba hazifiki hapo. Kwa hizo, njia ya kuaminika kuliko zote ni Linux Mint: haina malipo, hutosheka na RAM ya gigabaiti 2 ingawa 4 ni bora, huja na Firefox ndani, na husasisha mfumo na kivinjari kwa pamoja. Mafundi wengi hawaipendi kwa sababu hawajaizoea, na mteja anayehitaji programu fulani ya Windows atakwama. Lakini kwa nyumba ambayo kompyuta ni ya kuandika, kusoma na kufungua tovuti, ubaya huo ni mdogo ukilinganishwa na kukaa juu ya mfumo uliotelekezwa.

Mfumo ukishakuwa hai, ndipo chapa hupimwa. Chrome, Edge, Brave, Opera na Vivaldi vimejengwa juu ya msingi mmoja, Chromium. Opera ilihamia huko mwaka 2013 na Edge Januari 2020. Uimara wao dhidi ya mianya kwa hiyo unakaribiana, na tofauti iko katika kasi ya kupitisha marekebisho na katika kile ambacho kila kampuni imeongeza juu. Firefox ina msingi wake wenyewe, Gecko. Internet Explorer haimo kabisa katika hesabu hii. Ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, na yeyote anayeikuta ikitumika kwenye kompyuta anapaswa kuiona kuwa dalili kwamba mfumo mzima umesahauliwa.

Chrome ina faida mbili hapa: mifumo mingi ya serikali hujaribiwa juu yake kwanza, na menyu zake zinapatikana kwa Kiswahili, jambo linalomsaidia sana mzazi asiyesoma Kiingereza kuelewa anachoulizwa. Upungufu wake ni faragha. Mwenye Chrome, Google, ni kampuni ya matangazo, na mwaka 2024 na 2025 ilizima mtindo wa zamani wa viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) uliotumiwa na uBlock Origin, kizuizi cha matangazo kilichokuwa na nguvu kuliko vyote, ikabaki nakala yake iliyopunguzwa. Firefox bado inaikubali uBlock Origin kamili, na tangu Juni 2022 huwawekea watumiaji wote vidakuzi (cookies) vya kila tovuti katika hifadhi yake ya peke yake ili vishindwe kumfuatilia mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine. Brave huzuia matangazo yenyewe bila kuongezewa kitu. Edge haina haja ya kusakinishwa kwenye Windows na hulinda vizuri dhidi ya tovuti za utapeli, ila humsukumia mtumiaji huduma nyingi za Microsoft ambazo hakuziomba.

Kizuizi cha matangazo kinastahili kuhesabiwa kama kifaa cha usalama na cha uchumi kwa pamoja. Matangazo ni njia mojawapo inayopitishia viungo vya utapeli, na video za matangazo hula bando. Katika nyumba inayounganisha kompyuta kwa hotspot ya simu, kila kinachozuiwa ni fedha iliyobaki mfukoni. Kwa sababu hiyo, mahali ambapo mtu ana uhuru wa kuchagua na mfumo wake unakubali, Firefox yenye uBlock Origin ndiyo chaguo lenye sababu nyingi zaidi kwa matumizi ya kila siku, Chrome au Edge ikiachwa pembeni kwa ajili ya mfumo wa serikali utakaogoma. Opera hupendwa kwa sababu watu wameizoea Opera Mini ya simu. Ikumbukwe kwamba Opera Mini hubana data kwa kupitisha kurasa kwenye seva zake, na Opera ya kompyuta ni programu tofauti yenye tabia tofauti. Tor ina kazi yake maalumu ya kumficha mtumiaji. Ni nzito, huzuiwa na tovuti nyingi, na si kivinjari cha kujazia fomu.

Namna ya kukipata kivinjari ina uzito sawa na uchaguzi wenyewe. Tovuti za kuaminika ni za watengenezaji: google.com/chrome, mozilla.org, brave.com. Matokeo ya kwanza ya utafutaji huweza kuwa tangazo lililolipiwa na tapeli, hivyo anwani iandikwe kwa mkono. Kisakinishi kidogo kinachopakuliwa mwanzoni huvuta sehemu kubwa baadaye, na bando likikatika katikati kazi huanza upya. Kisakinishi kamili, kinachopatikana kwa watengenezaji hao hao, hupakuliwa mara moja na kuhamishiwa kompyuta nyingine kwa flashi. Windows inapouliza kama programu iruhusiwe kufanya mabadiliko, huandika jina la mchapishaji aliyethibitishwa: Google LLC, Mozilla Corporation. Ikiandika kwamba mchapishaji hajulikani, faili hilo lifutwe hata kama limeletwa na rafiki.

Windows iliyokrakiwa ni tatizo linalopaswa kusemwa waziwazi. Programu za kuvunja leseni kwa kawaida humtaka fundi azime kwanza kinga ya Windows, na hakuna anayejua ni kitu gani kingine kiliingia wakati kinga imelala. Mtu anaweza kuweka kivinjari bora duniani juu ya mfumo huo na bado manenosiri yakachukuliwa, maana mwizi ameshakaa ndani kabla kivinjari hakijafika. Hapa pia Linux humtoa mtu katika shida bila gharama ya leseni.

Kuhusu mipangilio, machache yanatosha. Kila mwanafamilia apewe akaunti yake ya Windows, na akaunti za kila siku zisiwe za msimamizi. Manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye Chrome yanaweza kusomwa na yeyote anayelijua nenosiri la Windows la akaunti hiyo; Firefox hutoa nafasi ya kuweka nenosiri kuu linaloulizwa kabla ya mengine kufunguliwa. Hali ya kuunganisha kwa HTTPS pekee iwashwe. Viendelezi viwe vichache mno, kwa kuwa vingi huomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa. VPN za bure zinazokuja kama viendelezi ndizo za kuogopwa zaidi: data yote ya mtumiaji hupita kwa mtu asiyejulikana. Nchini Tanzania VPN ina upande wa kisheria pia, kwani Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliwataka wanaozitumia wajisajili.

Udanganyifu huanzia kwenye anwani. HTTPS huthibitisha kwamba mazungumzo hayasomwi njiani, kama bahasha iliyofungwa kwa gundi, lakini haisemi lolote kuhusu uaminifu wa anayeipokea. Tapeli hupata cheti cha usalama bure kwa dakika chache. Kwa sababu hiyo Chrome iliondoa alama ya kufuli Septemba 2023: watu wengi walikuwa wakiisoma kama hakikisho la uhalali. Kinachosomwa ni mwisho wa jina, sehemu iliyo kabla tu ya mkwaju wa kwanza unaofuata baada ya https://. Tovuti za taasisi za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na jina hilo hawapewi watu binafsi. Anwani inayoanza na neno ajira au mikopo na kuishia na kitu kingine haina uhusiano na Sekretarieti wala Bodi, hata kama imepambwa kwa nembo ya taifa. Vijana wanaosubiri ajira ndio wanaowindwa zaidi kwa njia hii, na maumivu yake hayaishii kwenye fedha ya "usajili": nakala za vyeti na namba ya NIDA zikishatolewa, hazirudishwi. Namba ya simu iliyotumika katika utapeli huripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040.

Ipo mbinu nyingine iliyoenea tangu mwaka 2024. Ukurasa hudai kwamba kuna hitilafu, au unataka mtu athibitishe kuwa si roboti, kisha unamwelekeza abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, abandike maandishi na kubonyeza Enter. Kwa hatua hizo mtumiaji mwenyewe huiingiza programu hasidi kwa mkono wake, na kinga zote za kivinjari hurukwa. Hakuna tovuti halali inayoomba jambo hilo. Vilevile kivinjari hakisasishwi kupitia ukurasa unaojitokeza ukidai toleo limepitwa na wakati. Husasishwa kwenye menyu yake, sehemu ya "Kuhusu".

Katika kutatua hitilafu, kanuni ya kwanza ni kutozima kinga ili ukurasa ufunguke. Onyo likitokea lina sababu, na sababu hiyo hutafutwa kuanzia iliyo karibu.

Onyo linalowasumbua wengi ni lile la kwamba muunganisho si wa faragha, likitokea kwenye karibu kila tovuti kwa wakati mmoja. Tovuti moja ikileta onyo, kasoro huenda iko kwake. Zote zikileta, kasoro iko nyumbani, na mara nyingi iko kwenye saa. Kila tovuti ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Kompyuta ya mezani iliyotumika miaka mingi huwa na betri ndogo ya ubao mama, aina ya CR2032, iliyokwisha. Umeme ukiwapo saa hutembea. Umeme ukikatika, kompyuta husahau tarehe na kuamka ikiwa miaka mingi nyuma. Kwa kivinjari, vyeti vyote vinaonekana kuwa bado havijaanza kazi. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, hitilafu hii hurudi kila baada ya siku chache na kumfanya mtu aamini kompyuta imeingiwa na virusi. Kurekebisha saa hutibu kwa siku hiyo. Kubadilisha betri, ambayo ni ya bei ndogo, hutibu chanzo.

Tatizo hili litazidi kuonekana. Zamani cheti kiliweza kudumu miaka kadhaa, kwa hiyo saa iliyokosea kwa mwezi mmoja haikuleta shida. Kuanzia Septemba 2020 muda wa juu ulipunguzwa hadi siku 398, na mwaka 2025 watoaji wa vyeti na kampuni za vivinjari walikubaliana kuupunguza kwa hatua: siku 200 kuanzia Machi 2026, hadi kufikia siku 47 Machi 2029. Vyeti vya Let's Encrypt, vinavyotumiwa na tovuti nyingi ndogo, vilikuwa vya siku 90 tangu mwanzo. Kadiri umri wa cheti unavyofupishwa, ndivyo kosa dogo la tarehe linavyotosha kuvuruga kila kitu.

Ukanda wa saa nao una mtego. Katika orodha ya Windows, saa za Tanzania hupatikana chini ya jina Nairobi, UTC+3. Mtu akiacha ukanda wa Marekani uliowekwa na fundi, kisha akasogeza mishale ili skrini ilingane na saa ya ukutani, kompyuta itaonyesha saa sahihi huku hesabu yake ya ndani ikiwa imetangulia kwa saa nyingi. Tovuti nyingi zitafunguka, lakini zenye cheti kinachokaribia kabisa kwisha zitakataliwa, na programu za kompyuta zinazotengeneza namba za siri za muda zitatoa namba zisizokubalika.

Saa ikiwa sahihi na onyo likabaki, sababu nyingine ni umri wa mfumo. Tarehe 30 Septemba 2021 kilikwisha cheti cha msingi ambacho Let's Encrypt ilikitegemea kwa vifaa vya zamani, na kompyuta zisizosasishwa zikaanza kukataa tovuti zilizo halali kabisa. Firefox hubeba orodha yake ya vyeti vya msingi, ndiyo maana mara nyingi hufungua tovuti ambayo vivinjari vingine kwenye kompyuta hiyo hiyo ya zamani vimeikataa. Programu fulani za kuzuia virusi nazo huingilia HTTPS na kuweka cheti chao katikati. Zikipitwa na wakati huleta maonyo ya aina hii.

Ukurasa usiofunguka bila onyo lolote huhitaji utaratibu mwingine. Kwanza huangaliwa kama bando limeisha, maana simu huonyesha kuwa imeunganishwa hata kama hakuna data inayopita. Kisha tovuti hujaribiwa kwenye simu yenyewe. Ikifunguka kwenye simu na kugoma kwenye kompyuta, tatizo liko kwenye kompyuta. Ikigoma kote, hujaribiwa kwa laini ya mtandao mwingine. Mifumo ya serikali hulemewa siku za mwisho za maombi, na mtu aliyesubiri siku ya mwisho hulaumu kivinjari chake bure. Wakati mwingine sababu iko mbali na nyumba na tovuti: Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kusakinisha kivinjari upya katika hali kama hizo ni kupoteza bando.

Mfumo ukifunguka lakini kitufe hakifanyi kazi, mara nyingi ni dirisha dogo lililozuiwa, faili la PDF lililopakuliwa bila kuonekana, au vidakuzi vya zamani vinavyogongana na toleo jipya la mfumo. Jaribio la haraka ni dirisha fiche, ambalo kwa kawaida huanza bila vidakuzi wala viendelezi. Likifaulu, hufutwa data ya tovuti hiyo moja tu. Kufuta historia na vidakuzi vyote, kama mafundi wanavyopenda, humtoa mtu kwenye akaunti zake zote, na aliyesahau nenosiri la barua pepe hujikuta amefungiwa nje.

Maonyo ya virusi yanayochomoza pembeni mwa skrini hata kivinjari kikiwa kimetulia kwa kawaida si virusi. Ni arifa za tovuti ambayo mtu aliwahi kuibonyezea "Ruhusu". Huondolewa kwenye Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Ukurasa wa mwanzo uliobadilika wenyewe, au utafutaji unaopelekwa kwenye tovuti ngeni, humaanisha kiendelezi au programu iliyoingia pamoja na nyingine. Kiendelezi hicho huondolewa, mipangilio ya kivinjari hurudishwa ya mwanzo, kisha kompyuta huchunguzwa kwa Microsoft Defender katika uchunguzi wake unaofanyika kabla ya Windows kuwaka. Ikibainika kwamba programu ya kuiba manenosiri ilikuwamo, manenosiri hubadilishwa kutoka kwenye kifaa kingine kilicho safi, likianzwa la barua pepe, kwa sababu hilo ndilo linalofungua mengine yote.

Kivinjari kisichojisasisha nacho huwa na sababu za kawaida. Toleo jipya huanza kazi kikifungwa na kufunguliwa tena. Laptopu inayolazwa kila usiku bila kuzimwa inaweza kukaa wiki nyingi na sasisho linalosubiri. Windows ikiwekwa kwenye muunganisho wa kupimwa hupunguza upakuaji wa chinichini, jambo linalookoa bando, lakini masasisho mengi ya mfumo hubaki nyuma. Nyumba iliyochagua njia hiyo inahitaji kutenga siku maalumu ya kusasisha, kwa bando la usiku au kwa Wi-Fi ya mahali panapoaminika.

Uzito wa kivinjari, diski ngumu ya zamani ikiwa nzima, hupunguzwa kwa kufungua vichupo vichache, kuondoa viendelezi na kuwasha hali ya kuokoa kumbukumbu. Kuongeza RAM hadi gigabaiti 8 na kubadilisha diski kuwa SSD huleta tofauti ambayo hakuna kivinjari chepesi kinachoweza kuileta.

Kompyuta inapopelekwa kwa fundi au kuuzwa, kivinjari husafiri nayo kikiwa na manenosiri yote. Kabla ya kuikabidhi, mtumiaji huondoka kwenye akaunti ya Google, Microsoft au Mozilla, hufuta wasifu wake ndani ya kivinjari pamoja na faili za vyeti zilizobaki kwenye folda ya vipakuliwa, na kwa kompyuta inayouzwa diski nzima hufutwa na mfumo kuwekwa upya. Iliyokwenda ikiwa imeharibika na haiwaki hutolewa diski kwanza. Ikishindikana, vifaa vyote vilivyounganishwa na akaunti huondolewa kwa mbali kupitia simu, na manenosiri yaliyokuwa ndani yake hubadilishwa siku hiyo hiyo.